Kuukwepa Mkono Wangu Mwenyewe

Mzee wangu, baba watoto, alitaka kung'oa chai yangu kwa sababu ya kunionea huruma. Naanza na hilo ili mtu akisoma mbele asije akamhukumu vibaya. Hakuwa na ubaya wowote. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye, nikiona mtu wangu anashika kichwa kila wiki, labda ningeshika jembe mapema zaidi.

Ni mashina mia nane na kidogo, yako huku kwetu Merigi, juu kwenye mteremko. Niliyapanda mwaka nilioolewa, nikibeba miche kwa karai, na mama mkwe akinionyesha shimo liwe na kina gani. Alikuwa anapima kwa mkono wake: likifika kwenye kiwiko, tosha. Watoto wetu wanne wamesoma kwa majani hayo. Lakini si hiyo tu. Kuna asubuhi umande bado uko juu ya majani, unaingia kati ya mistari na kikapu mgongoni, na vidole vinaenda vyenyewe kabla hujavituma. Sijui kueleza vizuri. Nilisoma mpaka darasa la saba, na maneno mengine hayakunifikia.

Kichwa kilianza miaka mitatu iliyopita. Kinaanzia nyuma ya shingo upande wa kulia, pale fuvu linapoanza, kinapanda pole pole kama siafu, kisha kinakaa juu ya jicho la kulia kama mgeni aliyevua viatu. Shingo nayo ikakauka. Mtu akiniita kutoka nyuma nilikuwa nageuka mwili mzima, kama lori kwenye barabara nyembamba. Kanisani ngoma ya kinanda ikianza, nilikuwa nasikia kila pigo ndani ya jicho.

Nilipimwa malaria, hakuna. Nilipimwa presha, iko sawa. Nilipimwa macho, nikapewa miwani, na miwani ilinisaidia kusoma Biblia, kwa hivyo siwezi kusema ilikuwa bure. Mama mmoja mzee wa huko kwetu alinichemshia majani nikajifunika blanketi na kuvuta mvuke, na siku hiyo nililegea nikalala vizuri. Naye nampa haki yake. Ila kichwa kilirudi.

Nilikuwa nanunua dawa za maumivu kwa mwenye duka la dawa pale sokoni. Siku moja, baada ya Krismasi, nikaweka mkono kwenye kaunta nikaomba zile za kawaida. Akaziangalia, akazirudisha kwenye rafu.

"Mama, leo sikuuzii."

"Zimeisha?"

"Ziko. Lakini umezimeza mwaka mzima. Nikikuuzia tena nitakuharibia tumbo, na hata hicho kichwa zinaweza kukiongeza. Hebu geuka uangalie ule mlango."

Nikageuka.

"Umegeuka na miguu," akasema. "Shingo haijasonga. Enda Bomet, kuna fizio amefungua juu ya duka la mbegu. Wale wa mazoezi ya mwili."

Nilikasirika, nasema ukweli. Nilirudi nyumbani nikinung'unika kwamba mtu wa duka anakataa kuuza. Sasa nikifikiria, ni watu wangapi wako na duka na wanaweza kufanya hivyo?

Jioni ile ile mzee naye akaleta maneno yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha nje, mimi namwaga maziwa kwenye mtungi.

"Mama watoto, hii chai inakuua."

"Hainiui."

"Inakuua pole pole. Nimeongea na mtu wa miche. Tung'oe, tupande blugamu. Mti hauhitaji mtu wa kuinama juu yake kila wiki."

"Na mimi nitakuwa nafanya nini?"

"Utapumzika."

Alilitamka hilo neno kama mtu anayeleta zawadi ameificha nyuma ya mgongo. Nilikuwa naona mashina yangu yamelala mizizi juu. Kisha nikamwambia anipe mpaka Pasaka, niende kwa huyo wa Bomet, na kama Pasaka itafika na bado nashika kichwa, mimi mwenyewe nitashika jembe la kwanza.

"Sawa. Pasaka," akasema. "Lakini hakuna kunidanganya. Kikiuma, useme."

"Nitasema."

Fizio alikuwa msichana wa kutoka upande wa ziwa kwenye joto, mrefu, na baridi yetu ilikuwa inamtesa. Alikuwa amevaa sweta mbili na bado anasugua mikono. Kipsigis alijua neno moja tu, "Chamgei," na alinisalimia nalo mara tatu kwa furaha. Nikajua tutasikilizana.

Aliniuliza maswali mengi kabla ya kunigusa. Nimewahi kuanguka? Mikono inakufa ganzi? Macho yanaona vitu viwili? Kuna homa, kukonda, kutapika? Nikasema hapana, hapana, hapana, mpaka nikaanza kuogopa kwamba sina ugonjwa. Akasoma karatasi zangu zote za hospitali. Kisha akanilaza chali, akashika kichwa changu kwa mikono miwili kama mtu anayechagua kabichi, akakigeuza upande wa kushoto. Kikaenda. Akakigeuza kulia. Kikasimama njiani.

Halafu akaweka kidole kimoja chini ya fuvu, upande wa kulia, akabonyeza.

Ai! Maumivu yale yale yakapanda njia yale yale yakafika juu ya jicho. Nikapiga kelele, lakini haikuwa kelele ya maumivu tu.

"Hapo! Ni hapo hapo! Hicho ndicho kichwa changu!"

"Hii ndiyo unaijua?"

"Ndiyo yenyewe! Umeipataje?"

Akacheka. "Mama, kichwa chako hakina ubaya. Ni shingo inatuma maumivu huko juu."

Sijui kama mtu mwingine anaweza kuelewa furaha niliyoipata. Miaka mitatu nilikuwa nawaambia watu kitu ambacho hakuna aliyekiona, mpaka wakati mwingine nilijiuliza kama najitungia. Leo mtu amekiwekea kidole. Aliiwekea shingo taulo la moto, akaikanda mpaka nikasikia joto limeshuka mabegani, kisha akanifundisha zoezi moja dogo. Ulale chali, uvute kidevu ndani, kama mtu anayetaka kujitengenezea kidevu cha pili, uhesabu mpaka tano, uachilie.

"Mara kumi. Asubuhi, mchana, jioni. Basi."

"Kumi tu?"

"Kumi. Na uandike siku kichwa kinapouma."

Hilo la kuandika sikuhitaji kufundishwa. Naandika tangu nilipotoka shule: mvua ilinyesha lini, ng'ombe alizaa lini, kilo za majani, mgeni gani alikuja, na miaka hii mitatu, siku za kichwa. Si maandishi ya maana. Nayaficha chini ya godoro kwa sababu naona haya.

Basi nikarudi nyumbani nikiruka kama ndama. Na hapo nikafanya makosa, na ni makosa ya mtu wa majani kabisa. Kwenye chai, ukimaliza mstari unaingia mwingine. Hakuna mtu aliyewahi kuacha kuchuna kwa sababu amechuna sana. Unaacha kwa sababu giza limeingia au gari la kituo cha kuuzia majani linaondoka. Kwa hivyo mimi nikijua kumi zinasaidia, hesabu yangu ilikuwa rahisi. Ishirini zitasaidia mara mbili. Siku ya pili nikafanya hamsini. Siku ya tatu nikafika mia, na nikaona nichelewe kwa nini, nikaongeza mia zingine nikiwa nimesimama nyuma ya zizi, ng'ombe akiniangalia. Navuta kidevu, naachilia, navuta kidevu, naachilia.

Jirani yangu, mama mmoja ambaye tumechuna naye bega kwa bega tangu watoto wetu wako mgongoni, akapita kwenye ua akasimama.

"Wewe! Unakatalia nani hapo?"

"Ni dawa."

"Dawa ya nini? Unafanana na kuku anayemeza funza!"

"Enda zako."

"Naenda, lakini nitarudi nione kama umetaga."

Mwisho wa wiki shingo ilikuwa mbao. Kichwa kilikuja kikakaa siku tatu bila kuaga. Mzee akawa anakaa nje kila jioni. Alikuwa tu anaangalia ule mteremko. Nilijua anahesabu mashimo ya blugamu.

Nikapanda tena Bomet, safari hii nikiwa na daftari kwenye mfuko, na moyoni nimeshaamua kumwambia yule msichana kwamba mazoezi yake yameniharibu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilipofika nikayasema yote bila kukaa chini.

Hakukasirika. Akaniuliza, "Ulifanya mara ngapi?"

"Nimeandika." Nikamfungulia daftari. Nilitaka aone bidii yangu.

Akasoma. Akaweka mkono mdomoni. "Mama. Mia mbili?"

"Siku zingine. Jumapili nilipumzika."

"Mia mbili! Misuli hii ya mbele ya shingo ni midogo kama uzi, imelala miaka, halafu wewe unaiamsha na unaituma vitani!" Alikuwa anacheka mpaka machozi, na mimi nikitaka kununa nikashindwa, nikacheka pia. Kisha nikasikia aibu imenipanda, kwa sababu nilikuwa nimekuja kumlaumu mtu kwa kosa langu. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia, "Nimekukosea. Wewe ulisema kumi."

"Hakuna shida, mama. Mimi pia nilikosa, sikukuuliza wewe ni mtu wa aina gani."

Alikuwa ameendelea kufungua daftari. Nikataka kumnyang'anya, kwa sababu kurasa zingine ni za mambo ya nyumbani, lakini nikaona kidole chake kinateremka kwa upande mmoja tu, kwenye siku za kichwa. Akaacha kucheka. Akarudi nyuma mwezi, akarudi miezi miwili.

"Mama, Alhamisi kuna nini?"

"Alhamisi kuna kikundi chetu cha akina mama. Wanapiga kelele sana. Kichwa lazima."

"Na Jumapili?"

"Kanisa. Ni kile kinanda na spika zake. Nimeshamwambia hata pasta."

"Na Jumatano na Jumamosi?"

"Hizo ni siku zetu za kupeleka majani kituoni. Nachuna mchana kutwa. Hizo kichwa hakisumbui sana."

Akaniwekea daftari mbele, kidole kwenye Jumatano, akakisogeza kwenye Alhamisi. Nikasoma mistari yangu mwenyewe. Miaka mitatu! Nimeandika kwa mkono wangu, na sijawahi kusoma nilichoandika. Alhamisi nililaumu wanawake wenzangu, Jumapili nikalaumu nyumba ya Mungu, na kumbe kila mara ilikuwa ni siku inayofuata chai.

"Basi mzee wangu alisema kweli," nikamwambia. "Ni chai inaniua. Ataing'oa." Nikamweleza habari ya Pasaka na blugamu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mimi sijawahi kuchuna chai. Nionyeshe vile mnafanya."

"Hapa?"

"Hapa."

Akatoa takataka kwenye ndoo ya plastiki, akanifunga ile ndoo mgongoni kwa bandeji ndefu za kliniki, akazipitisha mabegani, akazikaza. Akachana magazeti vipande vidogo, akavitandaza juu ya kitanda cha wagonjwa. Nikajisikia mjinga kabisa. Nikachukua kipande kimoja kwa ncha za vidole, nikakitupa juu ya bega.

"Hapana, mama. Chuna kama Jumamosi. Chuna kama gari la kituo linapiga honi."

Ah, hapo mikono ikanisahau mimi ikakumbuka kazi yake. Nikainama, mikono miwili ikaenda, kushoto kulia, kushoto kulia, ngumi ikijaa mkono wa kulia unatupa juu ya bega, tena, tena. Magazeti yakawa yanaruka ndani ya ndoo. Mzee mmoja aliyekuwa anangoja nje na mguu wake mbovu akasukuma mlango, akasimama na fimbo yake.

"Kwani hii hospitali inauza majani?" akauliza.

"Shikilia hapo!" Fizio alikuwa amenishika bega. Macho yake yalikuwa yanawaka kama ya mtu aliyeona njiwa wake waliopotea. "Mama, rudia. Tupa moja, pole pole."

Nikatupa.

"Tena. Usiangalie mimi."

Nikatupa.

Akaenda akaleta simu yake, akanipiga picha inayotembea, ile ya video, akanionyesha. Nikaona mwanamke mnene kidogo na ndoo mgongoni. Akakaza macho nami nikakaza. Mkono wa kulia unapanda kwenda nyuma, na kabla haujafika begani kichwa kinaruka kushoto na kidevu kinachomoza mbele, kinauachia nafasi. Mkono unashuka, kichwa kinarudi. Mkono unapanda, kichwa kinaruka. Nilikuwa siijui hiyo kabisa. Ilikuwa kama kuona mtu mwingine amevaa nguo zangu.

"Mama," akasema, "unaukwepa mkono wako mwenyewe."

Yule mzee wa fimbo akacheka sana. "Haki! Kama ng'ombe anayeogopa kiboko!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa najaribu kuhesabu ni mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, tangu nilipoolewa, nimeukwepa mkono ambao haukuwahi kunipiga. Halafu furaha ikanijia yote mara moja, nikashika mikono ya yule msichana, na ndoo bado iko mgongoni. Kwa sababu kama ni chai, basi imekwisha. Lakini kama ni vile ninavyotupa!

"Kutupa si naweza kubadilisha?"

"Hiyo ndiyo nataka kukuambia. Unaweza."

Tukaijaribu pale pale. Akalegeza bandeji ndoo ikashuka chini kidogo, mkono usipite karibu na sikio. Akaniambia nijaze ngumi vizuri kabla ya kutupa, nipunguze mirusho. Akaniambia mstari mmoja nitupe kwa kulia, mwingine kwa kushoto. Na kila mwisho wa mstari nisimame, ninyooke, niangalie mbali. "Uangalie kile kilima chenu, au chochote," akasema. Na zoezi ni mara kumi. Akaandika KUMI kwenye jalada la daftari langu kwa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini yake.

Kurusha kwa kushoto ni aibu tupu, sitadanganya. Jumatano ya kwanza majani yaliingia kwenye kikapu machache, mengine yakaanguka chini, mengine yakamwangukia jirani yangu aliyekuwa mstari wa pili.

"Chorwenyun, rafiki yangu," akaniita, "unachunia kikapu au unachunia mbuzi?"

"Nabadilisha mkono."

"Badilisha mume, hiyo ni rahisi zaidi!"

Kilo zangu zilishuka siku hizo. Karani wa mizani aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Lakini wiki ya pili ya Februari Alhamisi ikafika, nikaenda kikundini, wanawake wakapiga kelele zao zote, na mimi nikakaa pale nikingoja kichwa kama mtu anayengoja mgeni mbaya. Kikaja saa kumi jioni, si saa nne asubuhi. Wiki nyingine kikaja Jumapili peke yake. Kila wiki nilipanda Bomet, yule msichana anakanda, ananigeuza, na kila wiki kichwa kinaenda kulia upana wa kidole kimoja zaidi. Nilikuwa nashuka zile ngazi za duka la mbegu nikitamani kumsimamisha kila mtu barabarani nimwambie, angalia, angalia hapa, nageuka!

Kulikuwa na jambo moja la kurekebisha. Mpiga kinanda wetu ni mwalimu, mtu mpole, na mimi ndiye niliyemsemea kwa pasta mpaka akapunguzwa sauti na spika moja ikaondolewa. Nikamfuata baada ya ibada.

"Mwalimu, nilikusingizia. Haikuwa kinanda. Ilikuwa ni shingo yangu."

Akaacha kufunika kinanda. "Kwa hivyo naweza kurudisha ile spika?"

"Rudisha."

"Hata ile kubwa?"

Nikafikiria kidogo, kwa sababu sipendi kuahidi nisichoweza. "Rudisha. Lakini si karibu na akina mama."

Jumamosi ya mwisho kabla ya Pasaka ikafika. Mvua ilikuwa imeanza vizuri, na majani yalikuwa yamechipuka, laini, yanang'aa, yanakuomba. Mtu wa miche alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza alete blugamu au asilete. Mzee aliniambia asubuhi, tukinywa chai:

"Leo chuna mchana kutwa, kama zamani. Kesho tutaona."

"Kesho tutaona."

Nilichuna. Mstari kulia, mstari kushoto, nasimama, naangalia kilima, naingia tena. Nilisikia raha isiyo na jina. Vidole vilikuwa vinaenda vyenyewe, na mkono wa kushoto umejifunza, unatupa kama umezaliwa nao. Jirani alimaliza mstari wake kisha akasema, bila kuniangalia, "Hebu nionyeshe vile unashusha hicho kikapu." Nikamwonyesha. Kumbe naye ana bega linalomsumbua. Hakuwahi kuniambia, na mimi sikuwahi kumuuliza. Kituoni karani alisoma mizani mara mbili.

Jumapili ya Pasaka nikavaa, nikaenda kanisani, nikakaa upande wetu wa wanawake. Wimbo wa kwanza. Wimbo wa pili. Kwenye wa tatu kinanda kikaingia na ile spika kubwa, na hiyo ndiyo saa yangu. Miaka mitatu, hapo ndipo siafu huanza kupanda. Nikangoja. Nikasikiliza shingo kama mtu anayesikiliza mlango. Hakuna. Watu wanaimba, wanapiga makofi, na ndani ya jicho langu hakuna kitu! Nikageuka kuangalia upande wa wanaume. Sikugeuza mabega. Shingo tu, kulia, mpaka mwisho. Mzee alikuwa ananiangalia. Sijui alikuwa ameniangalia tangu lini. Alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo na hata hakijafunguliwa.

Tukarudi nyumbani, tukala. Saa kumi hivi alikaa kwenye kiti chake cha nje, akatoa simu mfukoni.

"Nampigia yule wa miche nimwambie abaki nayo," akasema. Alikuwa anatabasamu, na mzee wangu si mtu wa kutabasamu ovyo.

Na saa hiyo hiyo nikakisikia. Nyuma, chini ya fuvu, upande wa kulia.

Kilikuwa kidogo. Ningeweza kunyamaza. Namba alikuwa ameshaitafuta, kidole kiko juu ya kitufe, na mia nane na kidogo ya mashina yangu yalikuwa pale mteremkoni, yameoshwa na mvua. Niliwaza kwamba kunyamazia kitu kidogo si uongo. Niliwaza pia vile alivyosema, kikiuma useme, na mimi nikasema nitasema.

"Ngoja," nikamwambia. "Kimekuja."

Kidole kikasimama. Tabasamu likaondoka, na hilo liliniuma kuliko kichwa.

"Kama zamani?"

Nikajipima vizuri kabla ya kujibu, nisiongeze, nisipunguze. "La. Zamani kilikuwa ngumi. Hiki ni ncha ya kidole. Na zamani kilianza asubuhi."

"Na utafanya nini?"

"Nitafanya zangu kumi."

Akainuka akanifuata ndani. Hajawahi kunifuata. Nikalala chali kitandani, nikakunja taulo nikaweka chini ya kichwa, na yeye akasimama pale mlangoni, kisha akaja akakaa ukingoni, simu bado mkononi. Nikavuta kidevu ndani. Akaanza kuhesabu, kwa Kipsigis, kwa sauti ya chini, kama anavyohesabu ng'ombe wakiingia zizini. *Agenge. Aeng'. Somok.* Kwenye ya sita kile kidole cha maumivu kikalegea. Kwenye ya nane nikawa nakitafuta. *Taman*, akasema. Kumi.

Nikageuza kichwa kulia, ukutani, nikakirudisha, nikakigeuza tena. Nikasikia kicheko kinanipanda tumboni.

"Kimeenda?"

"Kimebaki harufu tu. Ngoja niongeze moja."

Akaweka mkono wake wote juu ya paji la uso wangu, mzito, wenye harufu ya sabuni anayoogea siku ya kanisa.

"Imeandikwa kumi," akasema. "Kwa kalamu nyekundu."

Na mkono mwingine ukabonyeza simu. Nilimsikia mtu wa miche akiitika kwa furaha, akidhani amepata soko. Mzee akamwambia, pole rafiki, leta miche ishirini tu ya kuweka kule kwa mawe ambako chai haimei, mahali pengine pote kuna mtu anachuna.